Nzi wa Zizini Apigwe kwa Mwethya

Jua la Februari likishapanda juu ya milima ya Mbooni, kukamua ng'ombe huwa kazi ya watu wawili. Mama huchuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, ndoo katikati ya magoti, na mtoto husimama nyuma akiwa ameshika mkia. "Shika vizuri, mwanangu," mama husema, lakini mkia ni sehemu ndogo tu ya shida. Ng'ombe hupiga mguu wa mbele chini, kisha wa nyuma, kisha wa mbele tena. Hugeuza kichwa kwa ghafla na kujipiga ubavuni. Ngozi ya bega hutetemeka kama maji yaliyotupiwa kokoto. Teke moja tu, na ndoo inalala chali. Maziwa ya asubuhi nzima yanaingia kwenye matope ya zizi.

Lawama humwangukia ng'ombe. Ataitwa mkorofi, atafungwa kamba miguu ya nyuma, na pengine atapelekwa sokoni. Mkosaji mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mahindi. Amekaa chini ya goti la ng'ombe, kichwa kikitazama juu, na anafyonza damu.

Nzi huyo amefanana sana na nzi wa jikoni, na ndiyo maana amesamehewa miaka mingi. Tofauti iko mdomoni. Nzi wa jikoni ana mdomo laini wa kulamba, anaoukunja chini ya kichwa. Nzi wa zizini, ambaye wanasayansi humwita Stomoxys calcitrans, ana mdomo mgumu uliochomoza mbele kama sindano. Dume na jike wote hunywa damu, na wakati wa joto hurudi kwenye mguu wa ng'ombe zaidi ya mara moja kwa siku. Hunywa kwa dakika chache, hushiba, kisha huenda kutua ukutani au kwenye nguzo yenye kivuli kusubiri njaa nyingine. Kwa hiyo mfugaji anayetazama mgongo wa ng'ombe wake na kusema "nzi si wengi" ametazama pasipo pake. Atazame miguu.

Wapo na wengine. Nzi wa kawaida hujazana machoni na puani mwa ndama, wakibeba vijidudu vya macho mekundu kutoka kwa ndama mmoja hadi mwingine. Pange, nzi mkubwa ambaye wengine humwita chafuo, huja kutoka sehemu zenye majimaji na matope. Jike wake hukata ngozi kama wembe na kuacha tone la damu likitiririka. Na kule chini, ukanda wa Kibwezi kuelekea Tsavo, bado yupo mbung'o, msambazaji wa ugonjwa wa nagana.

Kuhusu wadudu hawa, ufugaji wa Mbooni una kosa moja kubwa: kila boma linapigana nao peke yake. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa pale Kikima hununua chupa ya dawa kwenye agroveti, hunyunyiza Jumamosi, na kufikia Jumatano nzi wamerudi. Anasema dawa ni feki. Mara nyingi dawa ni nzima kabisa. Nzi waliorudi hawakuwepo Jumamosi. Walikuwa mabuu kwenye lundo la samadi, lake au la jirani, na wamepata mbawa katikati ya wiki. Nzi wa zizini anaweza kuruka kilomita kadhaa akitafuta damu. Ua wa michongoma hauwezi kumzuia, wala hati ya shamba haimhusu.

Hasara yake inahesabika. Mwaka 2012, watafiti wa Marekani walikadiria kwamba nzi huyu mmoja hugharimu ufugaji wa ng'ombe wa nchi hiyo dola bilioni 2.2 kila mwaka, na kwamba ng'ombe wa maziwa mmoja hupoteza takriban kilo 139 za maziwa kwa mwaka. Ng'ombe wa Marekani hula na kulala tofauti na ng'ombe wa Tawa au Mbumbuni, kwa hiyo tarakimu hiyo haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Lakini sababu za hasara ni zile zile. Ng'ombe anayeumwa huacha kula, husimama na wenzake wakiwa wamebanana ili kila mmoja ajifiche nyuma ya mwingine, na mbanano huo humwongezea joto. Nguvu ambayo ingegeuka maziwa huishia kwenye mkia na kwato. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mia, hasara ya lita moja kwa ng'ombe mmoja hupotea katika hesabu. Kwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, lita hiyo ndiyo sukari, chumvi na daftari la shule.

Magonjwa huongeza bili. Ugonjwa wa mapele ya ngozi, unaomjaza ng'ombe vinundu mwili mzima na kuharibu ngozi na maziwa, uligunduliwa Zambia mwaka 1929 na ukaingia Kenya mwaka 1957. Virusi vyake hubebwa na wadudu wanaouma, nzi wa zizini akiwa miongoni mwa wanaoshukiwa zaidi. Chanjo ipo, na hutengenezwa humu humu nchini na shirika la serikali la KEVEVAPI. Lakini chanjo hiyo haimzuii nzi kuhamisha bakteria wa ugonjwa wa kiwele kutoka chuchu hadi chuchu, wala haimwondolei ndama uchungu wa jicho linalotoka machozi kutwa.

Basi nzi hawa huzaliwa wapi?

Jibu liko hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Mbooni ni nchi ya miinuko. Vilele vyake hufika takriban mita 1,900, mashamba ni madogo, na watu wengi wa juu wameacha kuchunga. Ng'ombe wa Friesian au Ayrshire, au chotara wao, hulishwa zizini kwa nepia iliyokatwa kwenye kingo za matuta na mabua ya mahindi. Mfumo huo ni mzuri kwa udongo na kwa maziwa. Ila una sharti lake: kinyesi chote, mkojo wote na mabaki yote ya nyasi hubaki mahali pamoja. Zamani ng'ombe alisambaza kinyesi chake malishoni, kikaanikwa na jua na kubebwa na dundu. Leo kinarundikwa.

Mtu akichukua jembe na kufunua pembe ya lundo hilo, ataona mwenyewe. Juu kabisa pamekauka, hapana kitu. Katikati pana joto kali, mvuke unapanda, na hapo pia hakuna buu linaloweza kuishi. Lakini upana wa kiganja chini ya ganda la juu, hasa ukingoni ambako mkojo umetiririka na nyasi zimeoza zikachanganyika na kinyesi, samadi inacheza. Mabuu meupe, marefu kama punje ya mchele, yanajisokota na kujificha mwanga. Pembeni yake, palipokauka kidogo, pamejaa vidonge vya rangi ya kahawia: hao ni nzi wa wiki ijayo, wamejifunga ndani wakingoja kutoka. Mahali pengine pa kufunua ni chini ya hori, kwenye nepia iliyomwagika na kukanyagwa siku nyingi. Wafugaji wengi hufagia katikati ya zizi na kusahau hapo.

Kalenda ya wadudu hawa ndiyo silaha bora kuliko dawa yoyote. Wakati wa joto, nzi wa kawaida huhitaji siku saba hadi kumi kutoka yai hadi mbawa. Nzi wa zizini huhitaji wiki mbili hadi tatu. Samadi inayoondolewa zizini mara mbili kwa wiki, ikatandazwa nyembamba juani au ikafunikwa kwa karatasi ya nailoni ili ichemke yenyewe, huua kizazi kizima kabla hakijaonja damu. Lundo likifunikwa, joto hupanda hadi ukingoni, na buu halina tena pembe ya kukimbilia. Kuku wa kienyeji, ambao wamejaa katika kaunti hii ya Makueni, humaliza kazi iliyobaki: lundo likigeuzwa asubuhi, kuku huwahi mabuu kabla ya jembe kurudi chini.

Hakuna jambo gumu hapo. Ugumu ni kwamba boma moja likifanya na majirani watano wasifanye, boma hilo litaendelea kulisha nzi wa majirani watano.

Hapa ndipo Mbooni ina bahati ambayo sehemu nyingi hazina. Watu wake wanajua kupigana kwa pamoja na kitu kisichotambua mipaka. Katika miaka ya 1930, maofisa wa kikoloni waliandika kwamba milima hii inakufa, udongo ukienda na kila mvua. Mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992, wakionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano tangu 1930 hadi 1990 na bado udongo ukawa katika hali bora kuliko mwanzo. Matuta ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, hasa yale ya fanya juu, ambayo mchimbaji hutupa udongo upande wa juu wa mtaro. Na matuta mengi yalichimbwa kwa mwethya, vikundi vya kazi vya Wakamba, wengi wao wanawake, wakizunguka leo shamba la huyu na kesho la yule. Walielewa kwamba maji ya mvua huanzia kwa jirani wa juu, na kwamba tuta la mtu mmoja katikati ya mlima usio na matuta huvunjwa na gharika ya kwanza.

Nzi ni kama maji hayo.

Mfano wa pili ni wa juzi tu, na unahusu nzi pia. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza. Jike wake hutaga ndani ya embe, mabuu hula nyama ya tunda, na tunda huanguka likiwa limeoza. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu yake, na mauzo hayo hayakurudi hadi mwaka 2021. Makueni, kaunti ya maembe, iliumia. Mtu ambaye hakuwahi kufikiria nzi kama adui wa uchumi alianza kusikia neno mtego kwenye baraza. Wakulima walifundishwa kuokota maembe yote yaliyoanguka na kuyafukia chini kabisa au kuyafunga kwenye mifuko myeusi juani. Waliambiwa watundike mitego ya chambo kwenye miembe, na kwamba mkulima akifanya peke yake anapoteza muda wake: kijiji kizima kifanye katika wiki ile ile.

Sasa tulinganishe. Embe lililooza chini ya mti na samadi iliyooza nyuma ya zizi vina kazi moja, kulea mabuu. Mtego wa embe na mtego wa nzi wa ng'ombe hufuata wazo lile lile. Kwa nini basi kaunti ilizungumza kwa sauti kubwa kuhusu nzi mmoja na kumnyamazia mwingine? Jibu la uchungu ni kwamba embe lina mnunuzi wa Ulaya mwenye masharti. Maziwa ya Kikima mnunuzi wake ni mwalimu, mwenye hoteli na mama wa mtoto mchanga, ambao hawana ofisi ya kukataa shehena. Hilo halipaswi kuwa sababu ya kuwapuuza.

Vifaa si vya kuagizwa mbali. Baadhi ya mitego bora ya nzi wa mifugo duniani ilibuniwa Kenya, na mmoja una jina la Kiswahili. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kilifanya kazi na Wamaasai wa Nguruman, kule Kajiado, miaka ya 1980. Hapo ulizaliwa mtego wa NGU, uliopewa jina la mahali penyewe: kitambaa cha buluu na cheusi, chandarua cheupe, vijiti, na chambo cha mkojo wa ng'ombe uliolala pamoja na asetoni. Wakati mitego hiyo ilipotunzwa vizuri, mbung'o wa eneo hilo walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Baadaye, katika kituo hicho hicho, Steve Mihok alibuni mtego uliotangazwa mwaka 2002 ambao hunasa mbung'o, pange na nzi wa zizini kwa pamoja. Akauita Nzi.

Siri yake ni tabia ya mdudu. Buluu humvuta kutoka mbali. Akikaribia, weusi humfanya atafute pa kutua. Akishaingia chini ya kitambaa, hukimbilia mwanga, na mwanga uko juu, kwenye koni ya chandarua inayomwongoza hadi ndani ya chupa ya plastiki. Hakuna sumu. Fundi cherehani yeyote wa soko la Tawa anaweza kuushona akipewa kiolezo, mradi buluu iwe ile iliyokolea hasa. Buluu iliyopauka hunasa kidogo, na ya kijani ni bure.

Kwa ng'ombe wa kulishwa zizini kuna njia nyingine inayowafaa zaidi watu wa mlimani. Nzi wengi wanaouma huruka chini chini. Mwaka 2006, Burkhard Bauer na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya magharibi mwa Kenya ambapo mazizi yalizungushiwa wavu wa mbu uliotiwa dawa. Nzi akija chini chini kuelekea harufu ya ng'ombe, hugusa wavu na kufa. Majaribio ya baadaye Kumasi, Ghana, yalionyesha kwamba wavu wa aina hiyo hupunguza nzi wanaouma na hata wale wa kero tu. Dawa inabaki kwenye wavu badala ya kumwagwa kila wiki juu ya mnyama anayekamuliwa. Kwa familia ambayo tayari inajua chandarua cha malaria, wazo hilo halihitaji hotuba ndefu.

Sayansi haijakoma hapo. Watafiti wa icipe waliona kwamba mbung'o humkwepa kuro, swala mkubwa wa kandokando ya maji, ingawa wanaishi naye pori moja. Wakachukua harufu yake, wakaitengeneza upya, wakaitia kwenye kola za shingoni mwa ng'ombe huko Shimba Hills, Kwale. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha maambukizi ya nagana yakipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Japani, mwaka 2019, Tomoki Kojima na wenzake walipaka ng'ombe weusi mistari myeupe kama ya pundamilia, na nzi waliotua juu yao wakapungua karibu nusu. Mfugaji wa Mbooni hahitaji kesho kumpaka ng'ombe wake rangi. Anachoweza kujifunza ni kwamba nzi huongozwa na macho na pua, na kiumbe anayeongozwa hivyo anaweza kupotezwa njia.

Dawa nayo ina nafasi yake, ila itumiwe kwa akili. Utafiti wa mbung'o ulionyesha kwamba wengi wao huuma miguuni na tumboni, kwa hiyo kunyunyiza sehemu hizo pekee huokoa sehemu kubwa ya gharama. Nzi wa zizini anauma huko huko chini. Kuna sababu nyingine ya kubana matumizi. Dawa za jamii ya deltamethrini zinazomwagwa mgongoni hupita hadi kwenye kinyesi na kuwadhuru dundu wanaokizika. Hao dundu ni mali. Australia, ambako ng'ombe waliletwa na wageni na dundu wa huko hawakujua kula kinyesi chao, ilisumbuliwa na nzi hadi mtaalamu George Bornemissza akaongoza mpango wa kuagiza dundu kutoka ng'ambo, wengi wao kutoka Afrika Kusini. Nchi tajiri ililipa miaka ya utafiti kupata kile ambacho Mbooni inacho bure. Tena dawa inayotiwa chini ya kipimo kila wiki huzaa nzi na kupe sugu, na isipopewa siku zake za kusubiri huishia kwenye kikombe cha chai cha mtoto.

Wazee wa eneo hili wana ujuzi wao pia. Majani ya mukau, mti wa ukame ambao taasisi ya misitu KEFRI imeutafiti miaka mingi Kitui, hulishwa mbuzi wakati wa kiangazi, na maji yaliyolowekwa majani hayo yametumika kuogesha watoto wa mbuzi dhidi ya viroboto na kupe. Ujuzi wa namna hiyo unastahili kupimwa na watafiti na kuandikwa kabla haujazikwa na wenyewe.

Kuna pingamizi mbili ambazo haifai kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba samadi ni utajiri. Hakuna mtu atakayekubali kuitupa. Na asiitupe. Mlimani hapa, shamba lisilo na samadi halitoi mahindi. Kinachoombwa ni kuitoa mapema na kuifunika, na samadi iliyochemka chini ya nailoni hufika shambani ikiwa imeiva, mbegu nyingi za magugu zimekufa. Mwenye mtambo wa gesi ya samadi anapata zaidi: kinyesi huingia shimoni kila siku, nzi hapati pa kutaga, na jiko linawaka.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Kazi hii ataifanya nani? Mara nyingi anayezoa samadi ni mwanamke yule yule anayekamua, anayekata nepia, anayechota maji. Kumwambia azoe mara mbili kwa wiki badala ya mara moja kwa mwezi ni kumwongezea mzigo, na mtu asijifanye haoni. Ndiyo sababu hoja ya mwethya haiwezi kutenganishwa na hoja ya samadi. Watu kumi wakizunguka mazizi kumi kwa zamu, kwa wilibaro mbili za kikundi, humaliza asubuhi moja kazi ambayo humvunja mmoja mgongo wiki nzima. Na wanaume na vijana waingie kwenye zamu hiyo, kwa kuwa pesa za maziwa huwafikia wao pia.

Serikali ya kaunti ina wajibu wake, na isiutimize kwa amri. Wakamba wana kumbukumbu ndefu kuhusu serikali na ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitwaa mifugo yao kwa nguvu ikidai ni mingi kupita kiasi; Julai mwaka huo maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi, wakapiga kambi kudai ng'ombe wao. Mbingu alipelekwa kifungoni Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza. Miaka kadhaa baadaye, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali hiyo hiyo ilifyeka vichaka vya mbung'o kule Makueni ili familia zilizobanana milimani zipate pa kuhamia. Mambo yote mawili ni sehemu ya historia ya watu hawa: ng'ombe walionyakuliwa bila mashauriano, na ardhi iliyofunguka mdudu alipoondolewa.

Kwa hiyo kaunti ianze barazani. Ilete daktari wa mifugo aje na kipande cha kitambaa cha buluu na cha cheusi, ashone mtego mbele ya watu. Vyama vya ushirika vya maziwa viruhusu wanachama kuchukua wavu na nailoni kwa mkopo, wakatwe kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa. Vyuo vya ufundi vya vijana vipewe zabuni ya kushona mitego. Baraza la kitaifa la kutokomeza mbung'o, KENTTEC, liwafikishie watu wa mlimani ujuzi ule ule linaoupeleka kwenye mapori. Na kazi ianze mwishoni mwa Septemba, kabla mvua za Oktoba hazijalowesha malundo, kwa kuwa joto likikutana na unyevu ndipo nzi hufumka.

Zanzibar iliwahi kufika mbali zaidi ya hapo. Kisiwani Unguja, baada ya mitego na dawa kupunguza mbung'o, madume waliohasiwa kwa mionzi walizalishwa Tanga na kuachiliwa kutoka angani kuanzia mwaka 1994, na kufikia 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Nzi wa zizini hawezi kumalizwa hivyo. Ameenea dunia nzima. Anaweza tu kupunguzwa hadi ng'ombe asimame kimya akikamuliwa.

Kipimo cha mafanikio ni rahisi, na mtoto wa darasa la tano anakiweza. Jua likiwa juu, asimame hatua mbili kutoka kwa ng'ombe na kuhesabu nzi wanaouma miguuni. Wataalamu wa Marekani husema kwamba wastani ukifika nzi kumi kwa ng'ombe wa maziwa mmoja, hasara imeshaanza. Aandike idadi kwenye daftari kila Jumamosi, pamoja na lita za asubuhi ile. Vijiji viwili vya Mbooni vikifanya hivyo kuanzia Septemba hadi Februari, kimoja kwa mwethya na kingine kwa desturi ya kawaida, baraza la Machi litakuwa na madaftari mawili mezani ya kulinganisha.